Bamba la Shaba la Baba

Mdogo wangu Athanase hawezi kuona chuma butu akakiacha. Kazi yake ni kunoa. Anasukuma mashine yake ya gurudumu na kanyagio kutoka Burungu hadi Masisi, kisha anashuka mpaka kwangu Kibua, akinoa mapanga na visu vya watu. Akilala kwako, asubuhi kila kisu cha jikoni kinakata, na ruhusa haombi. Hiyo ndiyo shukrani yake. Nilikuwa nikimtania kwamba ipo siku atanoa hata vijiko.

Kazi hiyo ni ya baba yetu, aliyekufa Athanase akiwa bado mgongoni kwa mama. Mimi uso wa Baba naukumbuka. Yeye kila akija ananiuliza ulikuwaje, nami maneno yananiishia.

Zamani padri mmoja mgeni alimchora Baba akinoa panga. Alichimba mistari myembamba kwenye bamba la shaba, akalipaka wino, akachapa picha moja ya karatasi. Karatasi ilipotea tulipokimbia vita. Mwaka jana Mama Dancille, mjane wa katekista wa Masisi, akaniletea lile bamba lenyewe, ambalo padri alimwachia mumewe, jeusi kwa uzee. Ukiligeuza kwenye mwanga ndipo unamwona Baba ameinama, mguu kwenye kanyagio. Nililia sana.

Goma kuna mtu wa kulichapa tena kwenye karatasi, nikaambiwa. Athanase alipofika sikumwambia kitu, maana nilitaka nimpe picha kamili ashangae. Siku ya tatu niliacha bamba mezani, tayari kwa safari, nikaenda kwanza kung'oa mihogo.

Niliporudi alinipa bamba kwa mikono miwili. Liling'aa kama kioo.

"Dada, ilikuwa muchafu, iko na mikwaruzo mingi. Nimekusafishia kwa gurudumu."

Nililigeuza kwenye mwanga, Baba hayupo.

"Ile mikwaruzo njo ilikuwa Papa, baba yetu."

Hakuelewa mpaka nilipomweleza yote. Kisha akapitisha kidole kwenye shaba, kona hadi kona, akitafuta. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Siku mbili nzima alikula kwangu nami nimefunga mdomo. Neno moja tu lingetosha. Hilo sijisamehe.

Aliinama juu ya bamba, akauona uso wake mwenyewe.

"Dada, nafanana na Papa?"

Nikamwambia ndiyo, sana.

Athanase amefanana na mama.