Komba wa bosi alivyoniumbua mimi mlinzi wa usiku

Wakuu, salamu zenu. Hii stori inanifanya nionekane fala, lakini sijaiongezea chumvi hata kidogo.

Mimi ni mlinzi kwenye nyumba moja Al-Nuzha, hapa Jeddah. Usiku niko gate, mchana nalala.

Juzijuzi bosi akarudi kutoka Riyadh na kizimba. Ndani kuna macho makubwa kama bulb na mkia mrefu. Komba! Alimnunulia binti yake Lulu, miaka sita.

"Wewe Kenya. Unamjua huyu?"

Nikapiga kifua. "Bosi, hawa nimekua nao."

Uongo, wakuu. Kwetu nilikuwa nawasikia tu wakilia usiku kama watoto, najifunika blanketi.

Shida, komba analala mchana kutwa na Lulu anataka kucheza. Daktari mimi nikasema anahitaji jua na mazoezi. Kila saa nne asubuhi naahirisha usingizi wangu, tunamtoa, tunamtingisha, ndizi mdomoni. Yalla, amka!

Siku ya tano akakataa kula. Mwili baridi, macho nusu. Lulu analia, bosi ananiangalia mimi mtaalamu.

Dada Mwanasha, mfanyakazi wa ndani, mtu wa Kinango huko kwetu Kenya, akanifokea. "Kevo, toa mikono yako hapo!" Akafunika kizimba na shuka, akanituma mtaa wa Ghulail, duka la viungo, nilete gundi ya mgunga.

"Dada, tunamtibu ama tunamkarabati?"

Akanionyesha mlango. Nilipoileta, akailoweka kwa maji. Giza lilipoingia, komba akatoa ulimi. Akalamba mpaka kijiko.

Mwanasha akanieleza: kwao mgunga ni mmoja lakini una shift mbili. Mchana ni wa tumbili na ndege. Wakilala, komba anaamka, analamba gundi, anadaka nondo na panzi. Hawagombani, hawakutani.

Hiyo imenikaa kichwani. Sikuwahi kuwaza kwamba usiku unaweza kuwa kwenu, kama mtaa.

Bosi alikubali watu wa wanyamapori wamchukue. Lulu alilia siku mbili.

Nilichojifunza: kama hujui, sema hujui, halas. Kutoka Kenya si cheti. Wenye mmewahi kuishi karibu na komba, niambieni mnayoyajua. Matusi pia napokea.

Ila tayari nilishapewa yangu jikoni, tukinywa chai.

"Kevo," Mwanasha alisema, "wewe ukiamshwa saa nne asubuhi unatukana mpaka mlango. Mwenzako wa shift umemwamsha siku tano, na hana hata tusi moja la kukujibu."