Wodi ya Samaki ya Wifi Yangu

Wifi yangu amewafundisha uzazi wa mpango wanawake wa mtaa huu kwa miaka ishirini na tisa, na hakuna hata mmoja wao anayethubutu kusema hakuelewa. Alikuwa nesi wa kliniki, chumba cha tatu kushoto, penye pazia la kijani na benchi linalolia ukikaa. Mimi mwenyewe nililikalia benchi hilo na watoto wawili waliofuatana kama vidole. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Wifi, tumbo si gunia." Nilinuna wiki nzima, lakini wa tatu alikuja baada ya miaka mitano.

Basi mtu angedhani samaki wasingemshinda.

Siku aliyostaafu, wenzake walimzawadia tangi la kioo lenye samaki sita wa mapambo, madume mawili na majike manne, wadogo kuliko kidole cha mwisho. Ni wale wasiotaga mayai. Wanazaa vifaranga ambao huanza kuogelea papo hapo. Tangu afiwe na mumewe anakaa nasi, kwa hiyo tangi lilipanda juu ya kabati la vyombo sebuleni. Cherehani yangu iko dirishani pale pale, na kila alichokifanya wifi nilikiona, hata nisipotaka.

Jike wa kwanza alizaa mwezi ule ule. Samaki hawa wana tabia ya kuwala watoto wao, na hapo ndipo kosa lilipoanza, kosa ambalo ni nesi tu angelifanya. Hakukubali apotee hata mmoja. Aliwachota vifaranga kwa kijiko cha chai, akawalaza kwenye chupa za jamu, akawapa chakula mara nne kwa siku, akaandika tarehe kwenye daftari. Wakikua anawarudisha kwa wakubwa, nao wanaanza kuzaa. Nilimwambia, "Wifi, utatuhamisha humu." Akaniambia nishone.

Mwezi wa kumi na moja tangu astaafu, daftari lilisema mia mbili na kumi na tatu. Walikuwa kwenye tangi, kwenye chupa, kwenye mabeseni yangu matatu. Maji yaligeuka rangi ya chai nyepesi hata kama uliyabadilisha jana, na asubuhi ungewakuta wote wamepanda juu, midomo wazi, wakitafuta hewa. Wiki moja wakafa saba. Wifi aliwafunga kwenye karatasi laini, akawazika chini ya waridi. Maji yalikuwa yamezidi unga, na yeye alijua kuliko sisi sote.

Na mtaa hauna huruma. Wanawake aliokuwa akiwakaripia kliniki walipita dirishani wakiuliza, "Sista, tukuletee vidonge?" Mganga hajigangi, wakasema, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao. Yeye alitabasamu kwa meno tu, kisha akaenda kukaa chumbani.

Mume wangu, ambaye ni mdogo wake, alivumilia mpaka siku alipokuta vifaranga kwenye kikombe chake cha kunyolea ndevu.

"Dada, mtaa mzima umeufunga uzazi, hapa kwako kunazaliwa kila Jumanne! Mwisho wa mwezi huu nikikuta beseni humu ndani, namwaga wote mtaroni."

"Mtaroni? Viumbe hai?"

"Basi chooni."

Kila mtu alikuwa na shauri lake. Muuza samaki alisema awagandishe kwenye friji. Wifi akamuuliza kama yeye angependa kufa hivyo, polepole, kwa baridi. Jirani akasema mtoni. Wifi akasema samaki wa mto hawakuomba wageni wasio na idadi, na hawa wa kioo hawajui hata kujificha. Aliapa kwamba samaki wake watapungua bila kuuawa hata mmoja mzima wa afya, na kwamba atafanya kazi hiyo kama alivyofanya kazi zote.

Akajifunga kibwebwe. Alinunua tangi la pili, akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akakaa karibu na taa ya cherehani yangu na wavu mdogo wa mkono. Dume ana mkia wa rangi na pezi la tumboni lililochongoka. Jike ni mnene, amepauka, na ana doa jeusi nyuma ya tumbo. Alimtazama mmoja mmoja. Siku tatu nzima niliambiwa nizime redio kwa sababu Sista yuko raundi. Mwishowe madume yote yakawa kwenye tangi la kulia na mabeseni mawili, majike yote kwenye la kushoto na beseni moja, na yeye akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Kisha akaanza kuwatoa. Si kumpa yeyote aliyebisha hodi. Aliyetaka samaki aliketi kwenye kiti kando ya cherehani na kuhojiwa. Una chombo cha ukubwa gani? Nani atabadilisha maji ukisafiri? Akiridhika, anakuandikia kadi ya ruhusa, kama ya mgonjwa anayetoka wodini: lishe mara moja kwa siku, usimwage mtoni, ukichoka mrudishe hapa. Kinyozi aliomba mume na mke.

"Nakupa kaka na kaka," wifi akamwambia.

"Sasa Sista, watafurahi kweli?"

"Watapumua. Furaha tutaongea baadaye."

Madume yakapungua haraka, maana ndiyo yenye rangi. Mabeseni mawili yakarudi jikoni. Nikaanza kumwonea fahari, ingawa sikumwambia. Halafu, siku tisa kabla ya mwisho wa mwezi, akapiga ukelele sebuleni. Kwenye tangi la majike kulikuwa na vifaranga.

"Nani ameingiza dume humu?" Alinitazama mimi.

"Labda limeruka ukuta, wifi."

Hakucheka. Alimtoa jike mmoja mmoja tena, akatafuta dume lililojificha, hakuna. Baada ya siku mbili akazaa mwingine. Kwa akili ya kliniki, mume akiwa safarini mimba haiingii. Wanawake wangapi walimwapia hivyo miaka ile, naye akawatazama tu juu ya miwani! Sasa samaki wake walikuwa wakimwapia maneno yale yale.

Akampigia simu daktari wa mifugo, simu akaiweka mezani ili nami nisikie.

"Sista," daktari alisema, "jike wa samaki hao akikutana na dume mara moja, anatunza mbegu mwilini. Anaweza kuzaa miezi mitano, hata sita, bila kumwona dume tena."

"Na hao watakaozaliwa?"

"Usiwachote. Waache na mama zao, ndivyo maumbile yalivyopanga. Watakaopona ni wachache, hao utawatenganisha kabla hawajapevuka. Ulikuwa unawaokoa wote, sivyo?"

Wifi alishukuru, akakata simu, akakisukuma kijiko cha chai mbali naye. Nilitamani atukane kidogo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mume wangu aliingia, akaona beseni moja limebaki na ndani yake majike zaidi ya thelathini. Hakubishana. Aliliinua. Nami, ambaye kwa mwaka mzima nilikuwa nikilitukana beseni hilo hilo, nilijikuta nimesimama mlangoni, mkasi wa kitambaa mkononi.

"Toka njiani, mke wangu."

"Sitoki."

Wifi akaja nyuma yake. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akisema alichokisema pale. "Mdogo wangu, aliyekosea ni mimi, si wao. Niliwaokoa kupita kiasi. Nipe miezi sita, nami sitachota hata mmoja."

Mume wangu alimtazama dada yake, akautazama mkasi, akalishusha beseni chini taratibu maji yasimwagike.

Ile miezi ilimchoma. Jike akizaa, wifi aligeuza kiti kikatazama ukuta, mikono ikiwa kwapani, na mimi nilimpa vifungo ahesabu ili mikono isimwashe. Hakuchota. Wachache waliojificha kwenye majani ya tangini walipona, wakapangwa kulia na kushoto. Wengine wakubwa walikwenda kwa kadi zao: kumi kwenye chumba wanachosubiria watoto pale kliniki, wanane shuleni, sita kwa kinyozi yule yule, kaka wote. Daftari likaanza kuonyesha wiki tupu, kisha mwezi mtupu, kisha miezi mitatu.

Leo hatuna beseni wala chupa. Kuna matangi mawili, madume kumi na manne na majike kumi na mmoja, na maji yako safi mpaka unasoma maandishi ya gazeti upande wa pili. Wanawake wa mtaa hawaulizi tena habari za vidonge. Wanaleta samaki wao waliozidi, wanaketi kando ya cherehani, wanahojiwa. Mimi nawaambia wote wanaokuja kupima nguo kwamba yule ni wifi yangu, hata wasipouliza.

Juzi mume wangu alisimama mbele ya tangi, akainama. Dume moja, la mwanzo kabisa, lilikuwa limepinda mgongo na mkia umefifia, likiogelea polepole karibu na majani.

"Dada, huyu anaumwa?"

"Haumwi. Amezeeka."

"Na wewe huna hamu ya kuona vifaranga tena?"

"Kuzaliwa nimekuona kwingi, mdogo wangu. Hawa nataka niwaone wakizeeka."

Mume wangu akavuta kiti, akakaa karibu naye, na wote wawili wakalitazama dume lile mpaka chakula kikapoa mezani.