Safari Ina Mwenyewe Mmoja

Siku ile naikumbuka kuliko siku niliyoolewa, mwanangu, na sifurahi kuikumbuka. Ilikuwa Jumatatu, katika miaka ya sabini, hapa hapa Nchelenge. Nilikuwa kijana, mwili mwepesi na kichwa kigumu. Nilikuwa nimeinama kijitoni nyuma ya nyumba, nageuza mihogo niliyoiloweka, mikono yangu inanuka ule uchachu unaoujua, nikaona mtu anapanda kutoka ziwani. Alikuwa Papa Ilunga, mchuuzi wa Pweto, ng'ambo ya Kongo, ambako mimi nilizaliwa.

Hakukaa hata kwenye kigoda. Alisema akiwa amesimama.

"Mama, baba yako iko mugonjwa sana. Amenituma kwako. Anasema ukuye. Anasema ukuye vile uko."

Mimi na baba tulikuwa hatujaonana miaka mitano. Niliolewa na mvuvi wa upande huu wa Zambia bila ya yeye kukubali. Siku niliyoondoka alinisindikiza hadi mlangoni tu, akasema nitarudi kwake siku moja na kitenge kilichochanika. Alisema kwa hasira, na mimi nikaibeba hasira ile nikavuka nayo ziwa. Mpanda ngazi hushuka, mwanangu, lakini mwenye hasira hujifungia juu akatupa ngazi chini. Ndivyo nilivyokuwa.

"Kesho asubui narudia Pweto moya kwa moya," Papa Ilunga aliniambia. "Nafasi ya mutu mumoja iko. Ya mizigo hakuna."

Sasa nikueleze kazi yangu, usije ukanihukumu kabla ya wakati wake. Nilikuwa nanunua mihogo kwa wakulima wa Mwansabombwe, nailoweka siku tatu, naianika, naitwanga, kisha naupeleka unga Mununga na Puta, vijiji vya wavuvi kwenye njia ya kwenda Pweto. Wavuvi wa huko wanavua, hawalimi, na mtu hali samaki bila bukari, ugali wetu wa muhogo. Mihogo ukishaiweka majini, haikungoji. Ukichelewa kuitoa inaoza, na jasho lako limekwenda na maji. Ile ya kwangu ilikuwa imebakiza siku moja.

Nikamwambia Papa Ilunga kwamba nitakuja na mtumbwi mwingine, siku chache tu zijazo. Haraka haraka haina baraka, nikamwambia. Tazama jinsi tunavyozitumia methali za wazee, mwanangu. Tunazivuta kama blanketi, kila mmoja upande wake.

Alinitazama kidogo. "Bon, mama. Mie nilisha kukuambia."

Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Bamayo, alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuziana samaki na Wakongo, lakini alipotaka jambo liniingie, alikitumia hicho hicho, nisije nikajificha nyuma ya Kibemba nilichokuwa bado najifunza.

"Unaenda kuona baba ao unaenda kuuzisha bunga?"

"Yote mbili, Bamayo."

"Safari iko na mwenyewe mumoja, mwana wandi. Ukiweka babili, batagombana mu njia. Achia mie mihogo. Nitaitosha mu maji, nitaianika. We uende na Ilunga."

Nikakataa. Nilimwambia amezeeka, mgongo unamuuma, siwezi kumwachia kazi hiyo. Yule mama alinijua. Aligeuka akaendelea kupepeta karanga zake.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kijitoni natoa mihogo nikasikia mashine ya mtumbwi wa Papa Ilunga ikiwaka, ikaenda mbali, ikanyamaza. Nilisikia vizuri sana. Niliendelea kumenya.

Mihogo ilikauka, nikaitwanga, nikaondoka Ijumaa na mtumbwi wa makasia uliopakia kila kitu isipokuwa nyumba. Mununga tulifika Jumamosi, siku ya soko, na unga ukatoka vizuri. Nilifurahi. Ungeniona wakati ule, ungedhani naenda harusini. Jumapili tulikaa kungoja abiria waliokwenda kanisani. Jumatatu tukafika Puta. Pale ningeweza kupata njia ya kwenda Pweto siku ile ile, kulikuwa na watu wanaondoka. Lakini Puta kulikuwa na mchuuzi wa vitenge, na mimi nilikuwa nimepanga tangu nyumbani kwamba sitamfikia baba yangu bila kitenge kipya. Kilikuwepo cha kijani chenye ndege na chekundu chenye maua. Nilivijaribu vyote viwili, nikavirudia, nikamuuliza kila mwanamke aliyepita kipi kinanipendeza. Nikachukua chekundu. Nikamnunulia na baba koti, la kijivu, lenye vifungo vikubwa. Watu wa Pweto walikuwa wameshaondoka, nikalala Puta.

Jumanne nilifika. Sasa sikiliza hapa, mwanangu, maana hapa ndipo ninapotaka ufike.

Nilivaa kitenge kile kabla ya kuingia kijijini. Nilijifunga na kilemba chake juu, nikapaka mafuta, nikamtanguliza mchukuzi na mfuko wa unga uliobaki. Nilitembea katikati ya njia ili watu wanione. Watu waliniona. Hakuna aliyenisalimu, na mimi katika ujinga wangu nikadhani ni wivu.

Nilipopinda kwenye nyumba ya baba nikawaona wanawake wameketi chini uani, vichwa wazi, vitenge vyao vya zamani vimefungwa kiunoni, miguu yao vumbi tupu. Nikasimama mbele yao na maua mekundu mwili mzima. Hapakuwa na mahali pa kujificha. Dada yangu mkubwa, Ngoie, aliinua uso, akanitazama kuanzia kilemba hadi miguu.

"Tulimuzika jana," alisema.

Jana, mwanangu. Wakati wanamshusha baba yangu kaburini, mimi nilikuwa Puta nauliza watu nichague ndege au maua.

Nilianguka pale pale. Sikumbuki nani alinivua kile kilemba. Nakumbuka jioni ile Ngoie akikaa karibu nami kwenye mkeka, hasira imemtoka, imebaki huzuni tupu. Akanisimulia.

"Ilunga alifika na bwato Jumatano. Baba akasikia mashine, akaniambia nimukalishe, usimukute amelala. Ilunga akaingia peke yake. Nikamuambia baba utakuya na bwato ingine. Akasema, ni mutoto yangu, namujua, atakuya na mizigo. Akasema, mizigo njo ya nini? Nilimutuma Ilunga amuambie akuye vile iko."

Kisha akaingia ndani, akatoka na kisahani cha bati. Baba alikuwa mtu wa kanisa, lakini kwetu mzazi akitaka kumwondolea mtoto neno alilomtamkia kwa hasira, humpaka udongo mweupe, ule tunaouita pemba, kwenye paji la uso na kifuani, na kumtakia mema kwa kinywa chake. Hakuna mwingine anayeweza kulifanya hilo kwa niaba yake. Aliyefunga ndiye afunguaye. Baba alikuwa ameuagiza udongo ule, akaulowesha kwa mkono wake siku Ilunga alipokuwa njiani kunifuata. Kila asubuhi alimwambia Ngoie aongeze maji usikauke. Jumapili alikufa, hakuna aliyekumbuka kuongeza maji. Nilikuta kipande kikavu kimepasuka katikati, na alama za vidole vyake viwili.

Na ule unga wangu? Uliliwa matangani. Wanawake waliupika bukari siku mbili. Walisema ni unga mzuri, mweupe, mlaini. Koti la kijivu alilichukua shemeji yetu. Kitenge chekundu sikukivaa tena, nilimwachia Ngoie, naye akakikata cha kubebea watoto.

Nililia kwa ajili ya baba, lakini kwa miaka mingi nililia pia kwa ajili ya jambo jingine ambalo sikuwa na ujasiri wa kulisema. Bamayo aliniuliza kama naenda kumwona baba au kuuza unga, nikajibu yote mawili. Nilimdanganya, na nilijidanganya. Unga ulikuwa wa kununulia kitenge, na kitenge kilikuwa cha kumwonyesha baba kwamba neno lake lilianguka chini. Nilikuwa nakwenda kuonekana. Hiyo ndiyo safari niliyoifunga, nikaipangia siku zake na mtumbwi wake na nguo zake, na kwa kweli niliifikia. Kijiji kizima kiliniona.

Majuto ni mjukuu, walisema wakubwa, na huyu wangu amekua amezaa wajukuu wengine. Bamayo hakunisuta niliporudi. Alinipokea mfuko mtupu, akaukung'uta, akauanika kwenye kamba. Ningependelea anisute.

Sasa wewe nimesikia unafunga mizigo. Sikuzuii, mguu wa kijana haufungwi kamba. Lakini kabla hujauliza gari linaondoka saa ngapi, kaa peke yako ujiulize unaendea nini, na jibu la kwanza usilipokee, kwa kuwa la kwanza ndilo unalowaambia majirani. Uliza tena. Ukikuta unamwendea mgonjwa, panda chombo cha leo, hata kama mihogo itaoza. Mihogo italimwa mwakani. Ukikuta unaendea biashara, hakuna aibu, fuata siku za soko, ulale penye wanunuzi, ila usimtumie mtu salamu kwamba unakwenda kumsalimia. Na ukikuta unakwenda ili uonekane, au unamkimbia mtu, basi afadhali ulijue ukiwa bado nyumbani kwako, pengine utafungua mizigo. Njia mbili zilimshinda fisi, naye ana miguu minne.

Kile kipande cha pemba ninacho hadi leo, kimefungwa kitambaani. Sikujipaka, maana mtu hajipaki mwenyewe. Baraka ya baba yangu sina, mwanangu, na nimezeeka bila hiyo. Lakini yangu ninayo, na bado napumua, basi ipokee ningali na kinywa cha kuitoa. Neno lolote baya nililowahi kukuambia, nimelifungua. Nenda salama. Nenda vile ulivyo, mikono mitupu kama ni mitupu. Mungu akutangulie, ukute mlango uko wazi, na yule unayemwendea ameketi, amesikia hatua zako, na udongo wake bado una maji.