Jiko la ruzuku na mbegu za mama

Jamani, hapa nilipo jikoni kwa mama, Isongole, mdomo umebaki wazi!

Mnakumbuka nilivyomletea jiko banifu la ruzuku ya serikali? Kuni kidogo, moshi hakuna. Mafiga nikayang'oa mwenyewe, kwa mbwembwe zote.

Leo mama kashusha mahindi ya mbegu tunayoning'iniza juu ya moto.
Kagusa hindi moja tu, unga ukammwagikia mikononi.

Dumuzi! Wadudu wamekula yote!

Kumbe miaka yote ule moshi ndio uliokuwa dawa.

Nikajua leo natukanwa. Wala. Kaniangalia tu:
"Mwanangu, macho hayaniwashi tena, nashukuru. Ila sasa tutapanda nini?"

Na mvua hiyo nje, imeshaanza.

Nyie mliochukua majiko haya, mbegu mnazitunzia wapi?