Honi Niliyopiga Getini kwa Achieng

Nimekosa, na msinitafutie kisingizio. Ujinga huu niliufanya na akili zangu timamu, midomo nimepaka lipstiki.

Hapa Jeddah sisi wasichana wa kazi za nyumbani tuna gari letu la Ijumaa. Ni Hiace ya mzee mmoja wa Kizanzibari, inatuokota mitaani na kutupeleka Ruwais tule ugali, tupige stori. Njia inapangwa na kamati. Mwenyekiti alikuwa Dada Rehema, na sheria yake ilikuwa moja: kila mtu apandie kona ya bakala, duka la mtaani, mbali na nyumba ya bosi, na honi isipigwe.

Nikamdharau. Ati mwenyekiti, na anatutembeza juani na abaya nyeusi! Nikagombea kiti chake. Nikajaza grupu la WhatsApp na voisi za kampeni kama mheshimiwa: nichagueni, gari litawafuata hadi getini. Wakanishangilia, wajinga wenzangu. Nikashinda.

Rehema akanipigia simu.

"Wewe madam wako anajua unakoenda. Umeuliza wengine kama madam wao wanajua?"

Nikamwambia aache wivu, halas.

Ijumaa ya kwanza nikakaa mbele kama waziri. Tukafika kwa Achieng, rafiki yangu tangu tulipopanda ndege pamoja Nairobi. Mzee akasita. Nikanyoosha mkono nikaibonyeza honi mwenyewe. Mwenyekiti mzima!

Aliyefungua geti ni madam. Kumbe miaka yote alijua Achieng anaenda bakala tu, anapunga hewa kidogo, anarudi. Akatuangalia sote mle ndani. Nyuma yake Achieng akatokea, viatu mkononi.

"Halas. Mafi Ijumaa," madam akasema, yaani hakuna Ijumaa tena, akafunga.

Jioni Achieng alinitumia ujumbe: "Hiyo siku moja ndiyo ilikuwa inanishikilia." Kisha simu yake ikazimika, na mpaka leo haijawaka.

Kiti nilikirudisha kwa Rehema. Sasa napandia kona kama wengine, na kila Ijumaa tukipita kona ya kwa Achieng nachungulia ndani ya bakala. Mwenye duka anasema ile nyumba siku hizi inaletewa vitu mlangoni.

Kwa hivyo wewe unayetafuta kura, hata za kamati ya Hiace, uliza kwanza ahadi yako itagonga geti la nani. Maana Achieng alinipigia kura.