Vibarua wa Bibi Leokadia

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, mdomo wangu ulikaribia kumchomea bibi yangu nyumba. Nasema mdomo kwa sababu mikono yangu haikugusa kiberiti. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine, tena mtu aliyenipenda kuliko nilivyostahili.

Bibi huyo, mama yake baba, aliitwa Leokadia. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa upande wa Mpui, sisi na watu wa vitongoji vingine ambao zamani kila ukoo ulikaa kivyake. Sasa nyumba zilipangwa kwa mistari, mlango ukitazama mlango, na ukipiga chafya watu watatu wanakwambia pole. Baba na mama walikaa nyumba ya mbele. Mimi, kama ilivyokuwa desturi, nililala kwa bibi, nimchotee maji na kumwashia moto. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi na paa la nyasi, na ndani ilikuwa na dari ya miti iliyokandikwa udongo, ya kuhifadhia mahindi na ulezi juu ya moshi wa jiko. Kati ya dari ile na nyasi walikaa popo.

Popo kwetu hawakuwa na rafiki. Watu walisema popo hajulikani kama ni ndege au ni mnyama, na kiumbe asiyejulikana upande wake lazima ametumwa na mtu. Kinyesi chake kikikudondokea kichwani, ukafanyiwe dawa. Majirani wakiwaona kwenye paa zao waliwafukiza kwa moshi wa pilipili, na sisi watoto tulikohoa mtaa mzima. Bibi pekee aliwaacha.

"Popo akihama kwako, njaa inahamia," alisema. Alisema mama yake alimwambia hivyo, na mama yake naye aliambiwa na mama yake, basi mimi ni nani niulize zaidi.

Isitoshe bibi alikuwa na masihara. Viumbe wote waliomzunguka aliwapa kazi za serikali. Chura aliyekaa chini ya mtungi wa maji alikuwa mgambo. Bundi wa kwenye mkaratusi, ambaye wenzetu walimrushia vijinga vya moto kwa kuogopa anatabiri kifo, yeye alimwita bwana afya. "Tangu aje umeona panya humu?" aliniuliza. Mijusi wa ukutani walikuwa wakaguzi. Na popo, kwa kuwa walikuwa wengi na walifanya kazi wakati sisi tumelala, aliwaita vibarua. Giza likianza kuingia tulikaa kizingitini, tumejifunika blanketi moja kwa sababu ya ule upepo wetu wa Ufipa usio na huruma, tukiwatazama wakichomoka mmoja mmoja kwenye upenyo wa paa. "Haya, vibarua wanakwenda shamba," alikuwa akisema. "Kazi njema, baba zangu."

Asubuhi kazi yangu ilikuwa kufagia chini ya ule upenyo. Nilikuta mabawa. Mabawa ya vipepeo wa usiku, ya kahawia na ya kijivu, matupu, mwili umeshaliwa. Siku nyingine yalijaa ungo. Bibi hakujua kusoma, kule kwenye kisomo cha watu wazima aliishia katikati ya herufi, lakini mabawa yale aliyasoma vizuri. Alijua kipepeo wa usiku ndiye mama wa kiwavi. Kila mwezi alipanda ngazi, amejifunga kanga puani, akakwangua kinyesi cha popo kwa jembe bovu na kukichanganya kwenye intumba, yale matuta yetu ya duara ya nyasi na udongo. Maharage yake nyuma ya nyumba yalikuwa na majani mapana hadi ulitamani kuyachuma hata kama hujatumwa.

Mwaka ule mvua zilianza vizuri, kisha viwavi wakaja. Kabla ya Krismasi kulikuwa na msiba pia. Desideri, mtoto wa jirani yetu, aliyekaa nami dawati moja, alishikwa na homa Jumatatu na Alhamisi tukamzika. Mama yake hakulia sana msibani. Alikaa tu akitazama mlango, na wanawake walinong'ona kwamba mwenye kulia anapona, huyu asiyelia ndiye wa kuogopewa.

Januari shule ilitupeleka shamba la ujamaa kuokota viwavi kwa mikono. Kila mtoto alipewa kopo. Mahindi yalikuwa yametobolewa kama chujio, na wanawake waliokuwa wakipalilia mstari wa pili walikuwa wananung'unika. Mmoja akasema, "Lakini kwa bibi yake Felista mahindi mazima. Nimepita asubuhi. Mazima kabisa!"

Felista ndiye mimi. Na mimi, badala ya kuendelea kuokota, nikanyoosha shingo.

"Bibi ana vibarua," nikasema.

"Vibarua gani?"

"Wako wengi. Wanalala darini. Jioni wanatoka kwenda shamba, alfajiri wanarudi. Hata ugali hatuwapikii."

Nilisema kwa majivuno, nikitegemea wacheke kama nilivyocheka mimi na bibi. Hakucheka mtu. Majembe yalisimama. Mama Desideri alikuwa kati yao, na nakumbuka aliangusha jembe lake, akaondoka shambani bila kuliokota.

Ninyi mnaotoka mbali labda hamjaona nilichokifanya. Kwetu Sumbawanga, sehemu ambayo nchi nzima haichoki kututania kwa uchawi, mtu anayelimiwa gizani na watu wa darini wasiokula ugali ana maana moja tu. Hao ni misukule. Ni watu mliowazika mkadhani wamekufa, kumbe mchawi amewachukua, amewakata ulimi wasiseme, anawafungia darini mchana na kuwatoa jioni wamlimie. Niliwataja misukule sifa kwa sifa, kama niliyesomeshwa, na sikujua.

Mchana ule ule, bibi akiwa anachambua maharage uani, balozi wetu wa nyumba kumi alifika. Alikuwa mtu mwema, mwenye koti moja la shughuli zote, na habari ilikuwa imemfikia nusu. Nyuma yake kulikuwa na watu wengi kuliko wanaotosha kuleta ujumbe.

"Shikamoo mama," alisema balozi.

"Marahaba baba. Karibuni. Mbona mko wengi, kuna mkutano?"

Balozi alikohoa. "Mama, tumesikia una vibarua. Unajua siasa yetu. Hapa kijijini hatuajiri mtu. Huo ni unyonyaji."

Bibi akacheka! Aliweka ungo chini ili acheke vizuri. "Mwanangu, vibarua wangu siwalipi hata senti."

Watu wakaguna.

"Hawalipwi?" balozi aliuliza, sauti imepungua.

"Wala hawali ugali wangu. Wala sikuwaita. Walinifuata wenyewe huku kijijini, wakapanda darini wakalala."

Kila alichojibu kilikuwa kweli, na kila kweli ilizidi kumzamisha. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kopo langu la viwavi mkononi. Niliona baba akija mbio kutoka nyumba ya mbele, akazuiwa na vijana wawili. Niliona mmoja wao ana kiberiti. Nilitaka kusema "ni popo, ni popo tu," lakini mdomo ule uliokuwa hodari shambani sasa ulikauka. Hicho ndicho sijajisamehe hadi leo, kuliko hata yale niliyoyasema.

Ndipo Mama Desideri akapenya katikati ya watu. Hakuwa na kanga kichwani. Alipiga magoti mbele ya bibi, kwenye yale maganda ya maharage.

"Bibi yake Felista," alisema, "nirudishie mwanangu. Sitakushitaki. Sitamwambia mtu. Nirudishie tu."

Bibi aliacha kucheka. Alimtazama Mama Desideri, akawatazama watu, akanitazama mimi na kopo langu, na nikajua ameelewa yote kwa mara moja. Hakunitaja. Hakusema "mtoto huyu ndiye aliyeropoka," ingawa lingekuwa neno la kweli na pengine lingemsaidia. Alijishika kiuno akainuka.

"Felista, leta ngazi."

Niliileta. Bibi mwenyewe aliiegemeza kwenye tundu la dari, akaitikisa kuona kama imekaa.

"Panda, mwanangu," alimwambia Mama Desideri. "Panda ukatazame kila pembe. Sitakutangulia, usije ukasema nimemficha. Funga kanga puani tu, kuna vumbi."

"Asipande!" sauti ya mwanamume ilisema. "Atageuzwa msukule na yeye!" Mwingine akasema ni bora kuchoma, ukichoma wanatoka wenyewe. Balozi alinyoosha mkono kama wa kuzuia, lakini hakujua amzuie nani. Mama Desideri alikwisha kuvuka kizingiti. Bibi alivua kanga yake ya begani akampa, naye akajifunga puani, akapanda.

Tulisikia udongo wa dari ukilia chini ya miguu yake. Tulimsikia akiita, polepole, "Desi. Desi, baba." Kisha tukasikia mabawa, mengi kwa pamoja, na watu wote uani wakarudi nyuma hatua tatu. Bibi hakurudi. Alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili ili isiteleze.

Alikaa juu muda mrefu sana. Nilimwomba Mama Maria kwa Kiswahili na kwa Kifipa, kila lugha niliyoijua, kwamba akishuka aseme neno zuri. Maana nilielewa, ingawa nilikuwa mdogo, kwamba nyumba ile na bibi yangu vilikuwa kwenye ulimi wa mwanamke yule. Angeshuka akapiga kelele tu, hata bila neno, kiberiti kingewaka.

Alishuka. Nywele zake zilikuwa zimejaa utando na mabawa ya vipepeo. Alipita kando ya bibi, akatoka hadi mlangoni palipo na watu, akavua ile kanga puani.

"Ni popo," alisema. "Popo na watoto wao. Wamewabeba vifuani, wananyonyesha."

Kijana mwenye kiberiti akasema hapana, labda wamegeuzwa popo.

"Nimesema ni popo," Mama Desideri alijibu. "Mwanangu simjui mimi? Panda basi wewe."

Hakupanda mtu. Balozi alivuta pumzi, akafunga kifungo cha koti, akatangaza kwamba popo hawajatajwa mahali popote katika siasa kuwa ni wafanyakazi, na kwamba kila mtu arudi kwake. Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, na baada ya kitambo uani pakawa patupu. Kicheko kilimwokoa bibi, lakini kisingepata nafasi bila yale maneno ya mlangoni.

Mama Desideri hakuondoka. Aliketi chini ya ngazi, na ndipo alipolia kilio kile tulichokingoja tangu msiba. Bibi alikaa naye sakafuni, akamlaza kichwa mapajani, akaanza kumtoa mabawa nywelini, moja moja.

"Nilitaka nimkute," alisema Mama Desideri. "Bibi yake Felista, hata angekuwa hana ulimi, ningemchukua hivyo hivyo. Ningemlisha."

"Najua," bibi alisema. "Ndiyo maana nikakupa ngazi."

Kuanzia siku ile Mama Desideri alikuwa mtu wa nyumbani. Alikuja na ungo kuchukua kinyesi cha popo kwa ajili ya intumba zake, na popo wachache walipohamia kwenye paa lake hakuwafukiza. Msimu uliofuata hata wale waliokuja na kiberiti walipunguza pilipili kwenye moto. Sitaki kudanganya kwamba viwavi waliisha, hawakuisha, lakini bustani za nyuma ya nyumba zilipumua, na sisi watoto tuliokota nusu kopo pale tulipokuwa tukijaza mawili. Mimi bibi hakunipiga. Siku tatu alinifanya nikae kimya wakati wa kula, na siku ya nne akaniambia, "Felista, masihara ya nyumbani yanalala nyumbani." Basi, yakaisha.

Nimeishi kuona mengi. Nimesikia habari za mabibi wa sehemu nyingine, wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni tu, ambao hakuna aliyewaletea ngazi wala aliyekubali kupanda. Nikisikia habari hizo nazima redio. Nyumba yangu sasa ni ya bati, nimewatundikia popo sanduku la mbao ukutani, na wajukuu wangu nawafundisha kuwaita kwa jina lao, popo, si lingine.

Kwa miaka mingi nilipoisimulia habari hii nilimshukuru bibi, kwa ujasiri wake na kwa kutonitaja. Namshukuru bado. Lakini baadaye na mimi nilizika mtoto, binti, akiwa na miaka sita, na kwa miezi ningeamini lolote, ningepanda dari yoyote. Ndipo nikamwelewa Mama Desideri. Uongo ulikuwa mtamu kwake kuliko kweli, kwa sababu ndani ya uongo mwanawe alikuwa hai. Alipanda akitaka kumkuta, akashuka mikono mitupu, na mbele ya watu wote akasema ni popo. Siku ile mama yule alimzika mwanawe mara ya pili ili bibi yangu abaki hai.