Abee Mtihanini

Chuo kilipoanza kuwatahini kwa mdomo wanafunzi wa mtandaoni, nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimechoka kusahihisha insha zilizoandikwa na kompyuta, si na wao. Sasa ningewakamata mmoja mmoja, uso kwa uso, nikiwa nyumbani kwangu Port Reitz na kikombe changu cha chai. Sharti kubwa lilikuwa moja: mtahiniwa awe peke yake chumbani, asiseme na mtu mwingine. Akisema, sifuri.

Mtahiniwa wa siku hiyo alikuwa mwalimu wa chekechea kule Mtopanga. Mtihani huo ndio uliobaki apate shahada, na asipoipata kabla ya muhula mpya, shule yake ingemtoa. Alinieleza hayo mwenyewe baada ya shikamoo. Nikamwambia sikumuuliza.

Nilichomuuliza ni mtoto hujifunza wapi adabu. Alikuwa akijibu vizuri, vizuri kuliko nilivyotaka, mara sauti ya kizee ikaita kutoka chumba cha pili. "Mwanangu!"

"Abee, mama," akaitika, kisha akajiziba mdomo.

"Unasema na nani?" nikamuuliza.

"Ni mamangu, mwalimu. Ana kiharusi, hawezi kuinuka. Niwie radhi, imenitoka tu."

"Ukiitika tena, tumemaliza."

Nilijua ninachofanya. Mimi ni mzaliwa wa Frere Town. Kwetu msichana akiitwa na mamake akanyamaza, alizabwa kofi kwanza, sababu ikaulizwa baadaye.

Mama akaita tena. Binti akafumba macho, akaendelea kujibu huku jasho likimtoka, na akamaliza bila kosa hata moja. Ningeweza kumwachilia hapo. Nikamwambia arudie jibu lote, taratibu, tangu mwanzo. Mama akaita mara ya tatu, safari hii akilia.

"Abee, mama! Naja!"

Nikaandika sifuri.

Alikata rufaa, nami nikatakiwa kusikiliza rekodi na kutoa maoni. Nilikuwa nimeketi mezani, kalamu mkononi, yule bibi akaita kwenye rekodi, "Mwanangu! Mwanangu wee!"

"Abee!" nikaitika.

Mtu mzima mimi, nyumba nzima haina mtu. Mamangu ana miaka sita kaburini. Nililia, sitaficha, nililia mpaka chai ikapoa.

Kisha nikafuta uso, nikaandika kwamba mtahiniwa alizungumza na mtu mwingine, sifuri ibaki. Ikabaki.